Matairi ya Kombi Kuukuu: Tazama Uzito Kabla ya Uzuri

Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Naye mtu akiona gari dogo la abiria likipanda mlima wa Bugarama, limejaa watoto, magodoro na magunia ya maharage, asidhani kwamba linabebwa na injini peke yake. Injini huvuta tu. Mzigo wote, tangu dereva hadi sufuria la mwisho, umekalia upepo uliofungiwa ndani ya matairi manne, na kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyoshika lami gari linapokata kona, linapofunga breki na linapokutana na mvua.

Jambo hili lajulikana na kila dereva, lakini husahauliwa upesi sokoni. Mtu aliyejinyima miezi mingi ili anunue gari kuukuu hutumia fedha zake kwa rangi, vitambaa vya viti na redio. Yakifika matairi, mfuko umekwisha toboka. Hapo huchukua lolote lililo jeusi na la mviringo. Makala haya yanaeleza jinsi familia inavyoweza kuchagua matairi na magurudumu ya gari la zamani la safari, kwa hesabu ya kalamu na karatasi, na kwa macho.

Gari la zamani, kazi mpya

Gari liitwalo Kombi lilianza kutengenezwa na kampuni ya Volkswagen katika mji wa Wolfsburg, Ujerumani, mwezi Machi 1950. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kuliwekea vitanda na makabati ili familia iweze kulala safarini. Huko Japani, Toyota ilileta gari la HiAce mwaka 1967. Ndilo ambalo wakazi wa Bujumbura wanalifahamu zaidi, kwa kuwa ndilo linalowabeba kati ya mjini na mitaa ya Kamenge, Kinama, Ngagara na Kanyosha. Likichoka kubeba abiria, hupata maisha ya pili. Huondolewa viti vya nyuma, hutiwa kitanda cha mbao, sanduku la vyombo na jiko dogo, likawa nyumba ya safari.

Tuwafikirie mume na mke wa Ngagara. Mume ni askari polisi aliyestaafu, na mke anauza vitambaa. Wana gari la namna hiyo, na wameazimia kwamba wakati wa impeshi, miezi ya kiangazi, watawapeleka watoto na wajukuu kwa wazee Gitega, kisha washuke hadi Nyanza-Lac wapumzike ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wamekwenda Buyenzi, mtaa wenye sifa ya mafundi wa magari, wakiwa na fedha za kitu kimoja kati ya viwili. Wanaweza kununua rimu nne za aluminiamu zenye kumeta, zilizokwisha kuvishwa matairi mapana ya mtumba. Au wanaweza kununua matairi manne mapya ya kazi, na kubaki na rimu zao za chuma zilizofifia rangi.

"Mzee, hizi za aluminiamu zitalipendeza sana gari lako," fundi anasema.

"Mwanangu, kupendeza tumekusikia," mke anajibu. "Hebu tusomee kwanza zinabeba uzito gani."

Swali la mama huyu ndilo la kwanza ambalo kila mnunuzi angepaswa kuliuliza.

Kusoma ubavu wa tairi

Tairi hubeba cheti chake ubavuni. Tuchukue maandishi yanayoonekana mara nyingi kwenye matairi ya magari haya: 185 R 14 C, na baadaye 102/100 Q.

Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yaani tairi la radiali. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la 14 haliingii katika rimu ya 15, wala lisilazimishwe kwa nyundo. Herufi C mwishoni ndiyo muhimu kwa msomaji wetu: ni alama ya tairi la magari ya mizigo midogo, lenye ubavu ulioimarishwa na uwezo wa kutiwa upepo mwingi zaidi kuliko tairi la teksi.

Halafu zipo namba 102/100. Hizi si kilo, bali ni namba za jedwali. Namba 102 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 850 linapokuwa peke yake upande wake. Namba 100 maana yake kilo 800 yanapofungwa mawili pamoja, kama kwenye malori. Namba 91, ambayo huonekana kwenye matairi ya magari madogo ya kutembelea, ni kilo 615. Namba 106 ni kilo 950. Herufi Q ni kikomo cha mwendo, kilomita 160 kwa saa, mwendo ambao Kombi kuukuu haiufikii wala haifai kuutafuta.

Ajabu ni kwamba matairi mawili yanaweza kuwa na upana mmoja na kuingia katika rimu moja, hali moja linabeba kilo 615 na jingine kilo 850. Kwa macho ya mpita njia yanafanana. Tofauti iko katika maandishi, na huonekana siku mzigo unapopanda mlima.

Hesabu ya nyumbani

Familia yetu ya Ngagara ikae chini na kalamu. Tuseme gari lao tupu lina kilo 1,500. Kitanda, kabati, magodoro na jiko ni kilo 150. Watu saba, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akikadiriwa kilo 60, ni kilo 420. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60, kwa maana lita moja ya maji ni kilo moja. Kurudi kutoka kwa wazee hakukosi zawadi: magunia matatu ya kilo 50 ni kilo 150. Jumla ni kilo 2,280.

Mzigo huo haugawanyiki sawasawa. Kitanda, maji na magunia hukaa nyuma. Tukadirie kilo 1,000 mbele na kilo 1,280 nyuma. Kila tairi la nyuma basi linabeba kilo 640.

Tairi la namba 91 limeruhusiwa kilo 615. Limezidiwa kwa kilo 25 kabla gari halijaanza kuruka mashimo, na kabla mzigo haujalalia upande mmoja katika kona. Tairi la namba 102 lina akiba ya kilo 210. Hesabu hii ya dakika tano inaonyesha kwamba matairi ya gari la kutembelea, hata yakiwa mapya kabisa, hayafai kwa kazi hii. Panapopatikana mizani ya magari, ni vizuri zaidi kupima kuliko kukadiria. Vilevile ni lazima kuheshimu uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Tairi lenye nguvu haliongezi nguvu ya breki wala ya springi.

Mpira nao huzeeka

Gari la safari lina ugonjwa wake. Basi la mjini hula matairi yake kwa kutembea; gari la safari huyaua kwa kusimama. Hukaa uani miezi minane likingoja likizo. Jua hulichoma ubavu mmoja, upepo hupungua taratibu, na uzito hukandamiza sehemu ile ile ya mpira. Siku ya safari mifereji bado ni mirefu, na mwenye gari hufurahi akidhani matairi ni mapya. Kumbe mpira umekauka kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati.

Kwa hiyo tazama tarehe. Ubavuni, baada ya herufi DOT, hufuata alama mbalimbali na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halistahili tena barabara. Lifanywe bembea ya watoto au chungu cha maua. Kama tarehe haionekani upande wa nje, mwombe fundi atazame upande wa ndani. Muuzaji asiyekubali tairi ligeuzwe amekwisha kujibu swali.

Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na lisizidi miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mifereji yake ingali mirefu. Ushauri huu una gharama ya damu nyuma yake. Mwezi Septemba 2012, huko Uingereza, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likaacha njia, na watu 3 wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19, na mifereji yake ilikuwa bado inaruhusiwa kisheria. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo ilipiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya pekee ya mabasi madogo.

Kuyakagua ya mtumba

Si kila familia itaweza kununua mapya, na kuwaambia watu wasinunue kabisa mtumba ni kuwahubiria wenye njaa. Lakini askari hakubali bunduki bila kuikagua, na mnunuzi asikubali tairi bila kulikagua. Afanye hivi kwa utaratibu.

Kwanza, alipanguse kwa kitambaa chenye maji. Dawa nyeusi ya kung'arisha huficha nyufa. Akilikunja ubavu kwa vidole, nyufa ndogo kama za udongo mkavu hufunguka na kuonekana.

Pili, atafute uvimbe. Uvimbe ubavuni ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika na upepo unashikiliwa na mpira mtupu. Tairi hilo halina matengenezo.

Tatu, aingize mkono ndani kabla halijavishwa rimu. Mikunjo, vumbi la mpira na michubuko ya mduara huonyesha kwamba tairi liliendeshwa bila upepo. Kwa nje laweza kuwa zuri, lakini mbavu zake zimevunjika.

Nne, atazame mifereji. Chini ya mifereji mna vituta vidogo vya alama, vyenye kimo cha milimita 1.6. Mpira ukilingana navyo, tairi limekuwa kipara. Mifereji yenye kingo kali zisizolingana, isiyo na vituta hivyo, huenda ilichongwa kwa kisu cha moto. Kazi hiyo hupunguza mpira unaofunika nyuzi.

Tano, aangalie viraka. Pancha iliyozibwa vizuri katikati ya tairi si tatizo. Iliyozibwa begani au ubavuni ni hatari, kwani sehemu hiyo hujikunja katika kila mzunguko.

Mwisho, matairi mawili ya ekseli moja yawe ya kipimo kimoja na aina moja. Radiali na yale ya kale yenye nyuzi za mshazari yasichanganywe.

Rimu: chuma au aluminiamu?

Turudi kwa zile rimu zinazometa. Si kweli kwamba aluminiamu ni mbaya. Ni nyepesi, na hupoza breki vizuri. Lakini katika barabara yenye mashimo rimu ya chuma hupinda, na fundi mara nyingi huweza kuinyoosha mkunjo mdogo. Ya aluminiamu hupasuka. Aidha, rimu nyingi za aluminiamu zilitengenezwa kwa magari madogo, na upande wa ndani huandikwa uzito ziwezao kubeba. Rimu iliyoandikwa 560 haiwezi kubeba kilo 640, hata ikivishwa tairi la kilo 850. Nguvu ya mnyororo ni ile ya pingili yake dhaifu.

Kuna vipimo vingine vya kulinganisha. Idadi ya matundu ya nati haitoshi. Umbali kati yake nao ulingane. Volkswagen yenyewe ilibadili umbali huo kwenye Kombi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hivyo rimu ya Kombi moja si lazima iingie katika Kombi nyingine, ingawa zote zina matundu matano. Kisha kuna kimo cha kuingia ndani, ambacho huandikwa ET pamoja na namba ya milimita. Kikikosewa, tairi litasugua bodi au springi, au litajitokeza nje na kuzichosha beringi.

Nati nazo zina maumbo. Nyingine zina kichwa cha koni, nyingine cha mviringo kama nusu ya gololi. Nati ya koni ikikazwa katika tundu la mviringo hushika kwa ukingo mwembamba tu, na baada ya siku chache hulegea. Zikazwe kwa kupishana, kama anayechora nyota, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Rimu za chuma za zamani hazistahili kuaminiwa bila uchunguzi. Zisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, na kuzunguka matundu ya nati patazamwe kwa makini kama pana ufa. Rimu yenye ufa isiunganishwe kwa kuchomelea. Na tyubu isitumiwe kuficha rimu inayovujisha upepo kwa sababu ya ufa. Tyubu huziba upepo, haizibi ufa.

Upepo na mlima wa Bugarama

Bujumbura iko karibu na mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kilomita 35 hivi kwa Barabara ya Taifa Namba 1, iko zaidi ya mita 2,000. Madereva wengine hupunguza upepo kabla ya kupanda, wakihofu kwamba hewa nyepesi ya mlimani itayapasua matairi. Hofu hiyo haina msingi. Kupanda mita 1,300 huongeza kipimo cha upepo kwa bar 0.14 hivi, na baridi ya mlimani hukipunguza kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Faida na hasara hulingana.

Adui wa kweli ni upepo mchache. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja mno, mkunjo huzaa joto, na joto hutenganisha mpira na nyuzi. Pia hunywa petroli zaidi, jambo ambalo mkazi wa Bujumbura aliyewahi kupanga foleni ya mafuta halihitaji kuelezwa. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha gari kwa mzigo kamili. Usipunguze upepo wa tairi lililopata joto safarini. Litakapopoa litakuwa pungufu.

Kuteremka ndiko kunakopima kila kitu. Dereva anayeteremka Bugarama kwa breki pekee huzipasha moto, na joto hupita kwenye rimu likaingia katika tairi. Atumie gia ya chini, injini ishike gari. Akumbuke pia kwamba njia hiyo si yake peke yake. Pembeni wanateremka vijana wa baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, na wengine wanapanda wakiwa wameshikilia malori. Tairi likipasuka pale, atakayeumia huenda si mwenye gari.

Fedha zikiwa chache

Utaratibu wa matumizi uwe huu: kwanza usalama wa matairi manne, pili tairi la akiba, tatu zana, mwisho kabisa urembo. Tairi la akiba lisisahauliwe, kwani mara nyingi ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote. Jeki ijaribiwe nyumbani gari likiwa na mzigo, na spana iwe ya nati zilizofungwa, si za rimu zilizouzwa.

Kama fedha zinatosha matairi mawili tu, na yaliyopo hayajazeeka, mapya yafungwe nyuma. Gari likiteleza kwa mbele, dereva huhisi katika usukani na aweza kupunguza mwendo. Likiteleza kwa nyuma huzunguka kabla hajatambua. Lakini kama yote manne yamepita miaka 10, mawili mapya hayaponyi mawili yaliyokufa. Safari iahirishwe.

Gari likirudi, liegeshwe kivulini. Likikaa muda mrefu, linyanyuliwe juu ya magogo imara, au lisogezwe kidogo kila wiki ili uzito usikae mahali pamoja. Matairi yafunikwe yasipigwe jua.

Na familia ya Ngagara? Mume aliyapenda yale yanayometa, na hakuna wa kumlaumu. Mtu aliyevaa sare miaka 30 hupenda kitu kilichong'arishwa. Mke aligeuza tairi moja la mtumba akasoma tarehe, akageuza rimu akasoma uzito, kisha akaiweka kalamu mezani.

"Baba watoto," alisema, "hizi zinatazamwa na majirani. Zile zinakaliwa na wajukuu."

Walinunua matairi manne mapya yenye herufi C. Fedha zilizobaki zilitosha kopo moja la rangi ya fedha kwa ajili ya rimu za chuma, na wajukuu walipewa brashi.